Kufundisha Utengenezaji wa Ala ya Kisu

Wahenga walisema, "Mtoto akililia wembe, mpe." Mwalimu wa ufundi hawezi kuufuata ushauri huo. Wala hawezi kujifanya kwamba wembe haupo, kwani wanafunzi wake hushika visu nyumbani kila siku. Linalompasa ni kuwafundisha kukihifadhi kisu pasipo madhara. Kwa hiyo, utengenezaji wa ala ya ngozi ni kazi inayofaa sana kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi. Nayo si kazi ngeni: sime ya Mmasai hukaa katika ala ya ngozi yenye rangi nyekundu.

Matayarisho

Kabla ya somo, mwalimu achonge kisu cha mbao kwa kila kikundi, chenye vipimo sawasawa na kisu halisi. Kazi yote ya kupima na kushona itafanywa kwa kisu hicho. Kisu chenye makali kitatolewa mwishoni, tena na mwalimu mwenyewe.

Vifaa vingine ni karatasi ngumu, rula, gundi, msharasi, sindano mbili butu, uzi imara uliopakwa nta, na ngozi yenye unene wa milimita 3 hivi. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome, kama yale ya miwati ya Njombe, ni bora, kwani hushika umbo ikikauka.

Hatua za kazi

1. Wanafunzi walaze kisu cha mbao juu ya karatasi na kuchora bapa lake. Kisha wakipindue juu ya mgongo wake na kuchora tena. Upande wa makali waongeze sentimita 1 kwa ajili ya mshono. Wakate, wakunje na kujaribu. Karatasi ikikosewa hukatwa nyingine. Ngozi ikikosewa imepotea.

2. Wafuatishe kielelezo hicho katika kukata ngozi. Wakate pia ukanda wenye upana wa sentimita 1, uenee ukingo wote wa makali.

3. Wakunje ngozi, kisha wabandike ukanda huo kwa gundi katikati ya pande mbili za ngozi.

4. Waweke alama za matundu kila baada ya milimita 5, kisha watoboe kwa msharasi juu ya ubao, mkono mwingine ukiwa mbali na ncha.

5. Washone kwa sindano mbili, moja kila upande, zote zikipita katika kila tundu. Uzi mmoja ukikatika, wa pili utashika.

6. Wailoweshe ala kidogo, watie kisu cha mbao, na kuibana kwa vidole mpaka ichukue umbo lake. Ianikwe kivulini, jua kali au moto huikakamaza ngozi na kuipasua.

Mbinu za kufundishia

Katika hatua ya tatu, mwalimu asiharakishe kueleza kazi ya ukanda. Atayarishe ala moja isiyo na ukanda, akitie na kukitoa kisu halisi mara kadhaa mbele ya darasa, akiishika ala upande wa mgongo tu. Kisha awape wanafunzi ala hiyo tupu waukague mshono. Watauona uzi umeanza kukatwa, nao watatambua wenyewe kwamba baada ya uzi kitakachofuata ni kidole. Somo lililopatikana kwa macho namna hiyo halisahauliki upesi.

Hatua ya nne iunganishwe na hisabati. Mshono wa sentimita 12 utakuwa na matundu mangapi? Wengi watajibu 24. Wahesabu katika ngozi nao watapata 25, kwani tundu la kwanza nalo huhesabiwa.

Tathmini

Mwalimu asitoe alama kwa urembo kwanza. Aangalie mambo matatu: kisu kiingie na kutoka bila kulazimishwa, kisianguke ala inapopinduliwa, na makali yasiuguse uzi. Ala nzuri kwa sura iliyoshindwa jambo la tatu ni hatari, kwa maana humfanya mwenyewe aamini kwamba yu salama. Ifumuliwe, ishonwe upya.