Usigawe Shamba Lote Ungali Hai

Mkulima, je, umekwisha kufikiri habari za uzee wako? Magoti yakichoka, waachie vijana jembe. Wewe tunza kuku na daftari la hesabu. Lakini usiwagawie watoto shamba lote. Mzee aliyetoa yote aweza kuishia kupanga chumba mjini, labda Rhonda, akingojea kuletewa unga.

Afadhali uandike wosia, ukatie sahihi mbele ya mashahidi wawili wasiorithi kitu. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, yaukubali.

Tena, mwaka 2018 Serikali ilianza kuwapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, katika mpango wa Inua Jamii. Chukua kitambulisho, ukamwulize Chifu. Fedha hizo hununua unga. Hazinunui shamba jingine.