Mushumaa unawaka, mutu anaanguka

Huku kwetu Shabunda, kabla ya kushuka ndani ya shimo la kasiterite ao la zahabu, wengi wetu tunatanguliza mushumaa. Tunaufunga kwa kamba, tunaushusha. Ukizimika, hakuna anayeingia. Wazee walitufundisha vile na hawakudanganya. Hewa safi iko na oksijeni karibu asilimia 21, na moto wa mushumaa unazimika ikishuka karibu na 16. Lakini kuna kitu kimoja mushumaa hauoni: monoksidi ya kaboni, ile sumu inayotoka katika motopompe pamoja na moshi.

Haina rangi, haina harufu. Ukisema "nasikia motere", unasikia esansi, si yenyewe. Mushumaa utawaka muzuri kabisa pembeni ya mutu anayekufa. Na mwili wetu haulalamiki mapema: kifua kinabana wakati hewa tuliyokwisha kupumua imejaa, lakini monoksidi inaingia kimya na inashika damu kwa nguvu kupita oksijeni, zaidi ya mara 200. Kichwa kinauma, magoti yanalegea, tunasema ni malaria. Mwenzake anashuka mbio kumuokoa, naye anabaki hukohuko.

Kapteri, kile chombo kidogo cha kufunga kwenye mukaba, hakina akili kutupita. Ndani yake muna maji ya asidi kidogo na vipande vyembamba vya chuma. Monoksidi ikipenya, inazaa umeme mudogo sana. Gesi ikiongezeka, umeme unaongezeka, na namba inapanda. Vyombo vingi vinapiga kelele pakifika sehemu 35 ndani ya milioni moja ya hewa. Pua hapo haijui lolote. Uingereza, wachimbaji wa makaa walikuwa wakibeba ndege mudogo wa manjano, aanguke mbele yao. Waliendelea vile mpaka miaka ya 1980.

Pua nayo iko na kazi. Gesi inayonuka mayai yaliyooza tunaisikia hata ikiwa kidogo sana. Lakini ikizidi, pua inakufa ganzi: harufu ikipotea ghafla usifurahi, panda. Na hakuna kapteri inayosikia jiwe likilia juu ya kichwa, ama muti wa kushikilia shimo ukianza kupasuka. Hiyo ni sikio la muchimbaji wa zamani.

Tena kapteri inazeeka, wastani miaka 2 ao 3, na lazima ipimwe mara kwa mara. Iliyokufa ni mbaya kuliko kukosa. Ile ya kupima gesi nne ni dola mia kadhaa. Mutu mumoja hawezi, kooperativi inaweza, na ndiyo tunayodai kwa kila shimo lenye motopompe. Mpaka ifike, motopompe ikae inje, mbali na mulango wa shimo, upande upepo unakoelekea. Na mutu akianguka chini, muzime motere kwanza, mumuvute kwa kamba. Musimufuate.