Mafundi wa Maabara ya Uzazi Nao Huchoka

Mwaka 1978 huko Oldham, Uingereza, alizaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani ambaye mimba yake ilianzia katika chombo cha maabara. Watu husifu madaktari tu. Sisi leo tunawataja mafundi wa maabara.

Yai la mwanamke lina upana wa kama sehemu ya kumi ya milimita. Fundi huliinamia kwa darubini saa nyingi, shingo ikimuuma. Likishaungana na mbegu ya kiume halingoji Jumapili ipite, lazima litazamwe. Fundi akichanganya vyombo vya watu wawili, ndiyo basi tena. Jamani, hofu hiyo mtu hulala nayo!

Ipo pia naitrojeni ya majimaji, ile ile ya mitungi ya mbegu za ng'ombe anayokuja nayo bwana mifugo. Baridi yake ni nyuzi 196 chini ya sifuri, nayo huunguza ngozi. Ikivuja chumbani hufukuza hewa, na mtu huanguka bila kusikia harufu.

Fundi akianza kukosa usingizi, kukasirika ovyo na kuichukia kazi aliyoipenda, tusimwite mvivu. Apunguziwe zamu, aongezewe mwenzake. Na chumba cha mitungi kiwekwe kengele ya kupima hewa.