Mvua ya Molo isipotee bure: shimo la maji hupimwa kwanza

Molo si mahali pa ukame. Mji huu ulio mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua katika mwaka wa kawaida. Hata hivyo, ifikapo Februari utakutana na punda njiani wakibeba mitungi ya maji.

Lawama nyingine ni za udongo. Udongo wa huko ni mwepesi, uliotokana na majivu ya volkeno. Viazi na pareto huupenda, lakini maji hupenya upesi. Anayechimba shimo na kuliacha hivyo hivyo hukuta tope tu baada ya majuma machache. Ni lazima litandikwe karatasi nzito ya nailoni, ile iliyotengenezewa mabwawa.

Kama unapanga kuwasaidia wazee mashambani likizo ya Desemba, shika kalamu kabla ya jembe. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ya paa ni lita moja ya maji. Basi paa la mabati la mita mraba 60 hupokea lita 60,000 kwa mwaka. Toa asilimia 20 zinazomwagika na kukauka, zabaki 48,000. Kwa kuwa hayaji kwa siku moja, na hutumika huku yakiingia, shimo la lita 38,000 latosha.

Shimo hilo lina mdomo wa mita 8 kwa 5, kina cha mita 2, na kitako cha mita 4 kwa 1. Kuta zilale kwa nyuzi 45. Ukuta wima huporomoka. Ng'oa mizizi na mawe makali, kisha utandike karatasi ya mita 11 kwa 8, kingo zake zifukiwe mtaroni pande zote. Maji yapitie kwanza kishimo cha kutulizia matope. Upande wa chini acha njia ya maji ya ziada, iliyopangwa mawe.

Mahali je? Mbali na choo, wala si juu ya nyumba ya mtu. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la Patel huko Solai, katika kaunti hii hii ya Nakuru, lilipasuka na kuua zaidi ya watu 40. Lile lilikuwa bwawa kubwa la shamba, lakini maji ya kilimani huteremka vivyo hivyo.

Hatari iliyo karibu zaidi ni ya watoto. Nailoni iliyolowa huteleza kama sabuni, na hata mtu mzima aliyetumbukia hushindwa kupanda. Zungusha ua wenye mlango wa kufuli kabla tone la kwanza halijaingia, na uning'inize kamba yenye mafundo kila upande, imefungwa kwenye nguzo imara. Maji yavutwe kwa pampu kutoka nje ya ua. Mtoto asitumwe kuchota ukingoni. Ya kunywa yachemshwe.