Mji wa Kahawa Unaokunywa Chai

Leo naomba twende Moshi, tena twende tukiwa na njaa. Hatuendi kupanda mlima wala kusikiliza hotuba. Tunakwenda kukaa mezani, kuagiza, kula, na baada ya kushiba tuulizane swali moja. Inakuwaje mji uliojengwa na kahawa unakunywa chai?

Tuanze asubuhi. Pale karibu na stendi kuu na kwenye njia za kwenda soko la Mbuyuni, mama lishe wameshawasha majiko kabla jua halijatoka. Kuna supu, kuna chapati, kuna maandazi, na kuna chai ya maziwa inayotoka kwenye sufuria kubwa. Kwenye benchi moja utawakuta fundi baiskeli, karani wa halmashauri, mama anayesubiri gari la Marangu na mwanafunzi wa chuo, wote wakisubiri zamu ya kikombe. Mchana zinakuja ndizi, na Mchagga anajua namna ya kuzigeuza. Kuna mtori, ndizi zilizopondwa na nyama mpaka zikawa supu nzito. Kuna machalari, ndizi zilizopikwa na nyama. Kuna kiburu, ndizi na maharage. Jioni moshi wa nyama choma unatanda, na kwa wanaotumia, kuna mbege, pombe ya ndizi na ulezi.

Hayo yote yamelimwa jirani. Ndizi zimeshuka kutoka Kibosho, Uru au Old Moshi, zikapita sokoni, zikaingia chunguni siku hiyo hiyo. Anayelima, anayepika na anayekula wanafahamiana. Lakini angalia kitu kimoja. Mgomba wa mlimani mara nyingi una jirani yake shambani, ambaye ni mbuni, yaani mti wa kahawa. Vinakua pamoja, mgomba ukiukinga mbuni na jua kali. Ndizi ikateremka mpaka mezani kwa mama lishe. Kahawa ikapita mjini, ikaendelea na safari.

Ukitaka kuhakikisha, agiza. Niliingia kwenye hoteli moja ya chakula mjini humo, ambayo sitaitaja, nikaomba kahawa ya Kilimanjaro. Kijana mhudumu, mwenye adabu zote, akaniletea chupa ya maji ya moto, kijiko, na kopo la kahawa ya unga ile inayoyeyuka papo hapo. Nikamwambia, "Mdogo wangu, mimi naulizia ile ya hapa mlimani." Akatabasamu, akanijibu, "Ile ni ya kuuza, kaka. Ya kunywa ndiyo hii."

Jibu lile halikuwa la utovu wa heshima. Lilikuwa historia ya miaka mia moja kwa maneno machache.

Kahawa aina ya arabika iliingia Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19, na misheni ya Wakatoliki ya Kilema inatajwa miongoni mwa mahali pa kwanza ilipopandwa. Baada ya vita vya kwanza vya dunia, wakati Waingereza walipochukua nchi, mtawala wa wilaya aliyeitwa Charles Dundas aliwahimiza wenyeji waipande kwa wingi. Walowezi wenye mashamba makubwa hawakufurahi kuona Mwafrika analima zao lile lile. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, KNPA, na mmoja wa viongozi wake wakuu alikuwa Joseph Merinyo. Mwaka 1933 mahali pake pakachukuliwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika ambacho jina lake limeandikwa katika majengo ya Moshi mpaka leo. Fedha za kahawa zilisomesha watoto, zilijenga nyumba za bati, na ziliupa mji huo sifa ya ushirika kiasi kwamba Chuo cha Ushirika kilipoanzishwa mwaka 1963 kiliwekwa Moshi. Kiwanda cha kukoboa kahawa kilikuwa Moshi. Kwa miaka mingi mnada wa kahawa ya nchi nzima ulifanyika Moshi.

Kwa hiyo kahawa iliingia katika nyumba ya Mchagga kama ada ya shule, kama bati, kama jora la kanga, lakini si kama kinywaji. Ilichumwa, ikamenywa, ikavundikwa, ikaoshwa, ikaanikwa, ikabebwa kwenda chama cha msingi. Hapo ndipo mkulima alipoagana nayo. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na hawakukosea.

Si kila mahali mambo yalikuwa hivyo. Kule Kagera, Wahaya walikuwa na kahawa yao aina ya robusta kabla ya mkoloni kufika. Waliichemsha, wakaikausha, wakaitafuna, na mgeni alikaribishwa kwa kupewa buni atafune. Huku pwani, kahawa ni ya barazani. Muuza kahawa anapita na dele lake juu ya makaa, vikombe vidogo visivyo na mkono vikigongana mkononi, na kashata pembeni. Kagera walikuwa na shamba na heshima ya kahawa. Pwani walikuwa na kikombe bila shamba. Kilimanjaro walikuwa na shamba bila kikombe.

Desturi ya pwani imepanda bara, na leo hata Moshi utakuta vijiwe vya kahawa. Buni inakaangwa mpaka inakaribia kuwa nyeusi, inatwangwa, inachemshwa na tangawizi, inanywewa chungu bila maziwa. Wanaokaa pale wanacheza drafti, wanabishana juu ya mpira na juu ya bajeti, na wengine ndio nyinyi mnaonisikiliza wakati huu. Kikombe ni shilingi 100 au 200, na kwa bei hiyo mtu anapata kinywaji, habari na kikao. Nakiheshimu sana kijiwe. Ila buni inayochemshwa pale mara nyingi si ya daraja la juu, na tangawizi imepewa kazi ya kuficha mengi.

Halafu kuna migahawa ya kahawa ya kisasa. Katika Afrika Mashariki aina hii ilishika kasi pale Nairobi, ambako Java House ilifungua mlango wake wa kwanza mwaka 1999. Moshi nayo ilikuwa na wateja tayari: wapanda mlima, wageni wa kujitolea, madaktari na wanafunzi wa KCMC. KNCU yenyewe ilifungua mgahawa wake mjini, Union Cafe, ukiwa na kahawa ya wanachama wake. Humo kuna mashine inayosukuma maji ya moto kwa nguvu kupita kwenye kahawa iliyosagwa, na kinachotoka kinaitwa espreso. Ukiongeza maziwa yenye povu, unapata kapuchino. Kahawa ni nzuri, harufu yake inakufikia barabarani. Lakini angalia nani amekaa, na angalia bei.

Hapo naomba uchukue kalamu. Matunda mekundu ya kahawa kilo tano hadi sita hutoa kilo moja hivi ya kahawa kavu iliyo bado katika ganda lake jembamba, na hiyo ndiyo mkulima anayopeleka chamani. Ikikobolewa, zinabaki kama gramu 800. Ikikaangwa hupoteza maji, zinabaki kama gramu 660. Espreso moja inahitaji kama gramu 8. Kumbe kilo moja ya mkulima inatoa vikombe 80 na zaidi.

Sasa tuseme, kwa mfano tu, mkulima amelipwa shilingi 8,000 kwa kilo ile, na kikombe kinauzwa shilingi 5,000. Vikombe 80 ni shilingi 400,000. Sehemu ya mkulima katika kila kikombe ni shilingi 100. Badilisha bei utakavyo, kwa msimu wowote unaoujua. Utaona mkulima bado yuko mbali na kikombe.

Nisieleweke vibaya. Mwenye mgahawa si mwizi. Analipa pango, umeme, maziwa, kodi, mishahara na mashine yenye bei kubwa. Maana ya hesabu hii ni nyingine. Inaonyesha kwamba thamani ya kahawa inaongezeka baada ya kutoka shambani: katika kukaanga, kusaga, kufungasha, kupika na kuhudumia. Kahawa ikiuzwa nje ikiwa mbichi, kazi hizo zote zinafanyika ughaibuni na mishahara yake inabaki huko. Na kahawa ya Tanzania inayonywewa nchini haifiki hata sehemu moja ya kumi ya mavuno. Ethiopia, ambako kahawa ina asili yake, hunywa karibu nusu ya kahawa inayolima.

Tofauti hiyo inaumiza pale bei ya dunia inapoyumba. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana mafungu ya mauzo ulivunjika, na bei ikaporomoka. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kuingia vijijini, wakashindana na ushirika. Mwaka 2001 ratili moja ya kahawa katika soko la dunia ilishuka hadi karibu nusu dola. Ukijumlisha na chulebuni, kutu ya majani na uzee wa miti, wakulima wengi wa mlimani walikata tamaa. Wengine waling'oa mibuni wakapanda mahindi, nyanya au majani ya ng'ombe. Kisha mwezi Februari 2025 bei ya arabika kule New York ikapita dola nne kwa ratili. Furaha kwa aliyebaki na miti. Kwa aliyeng'oa, habari hiyo aliisikia redioni tu, maana mbuni mpya unataka miaka mitatu hivi kabla ya kutoa mavuno ya maana.

Sasa tukitaka Moshi inywe kahawa yake, tunatafuta nini? Hatusemi tuache kuuza nje. Nchi inahitaji fedha za kigeni, na hakuna mji utakaoweza kunywa mavuno ya mlima mzima. Ila kuna faida tatu. Ya kwanza ni ajira: kijana wa mjini anaweza kukaanga, kusaga na kufungasha bila kuvuka mpaka. Ya pili ni mnunuzi wa karibu, ambaye hasubiri kengele ya soko la New York ili ajue atakunywa nini asubuhi. Ya tatu nadhani ndiyo kubwa. Mkulima atakayeonja kahawa yake ataelewa kwa nini anaambiwa achume zilizoiva tu, na kwa nini asiivundike kupita kiasi. Hivi sasa anaambiwa kuwa kahawa yake ina daraja fulani na mtu asiyemwona, kwa ladha asiyoijua. Ni sawa na mpishi asiyeonja mchuzi.

Kikwazo kinachotajwa sana ni kwamba kahawa ni kinywaji cha wenye mashine. Hilo si kweli. Chukua kahawa iliyokaangwa na kusagwa, vijiko viwili vya chakula vilivyo bapa kwa kikombe kimoja. Chemsha maji, yaepue, yaache yatulie kidogo. Mimina juu ya kahawa, funika, subiri dakika nne, kisha chuja kwa kile kile kichujio cha chai. Basi. Wenye kutaka maziwa waongeze, wenye kutaka tangawizi hawakatazwi. Sufuria, kichujio na kikombe vyote viko kwa mama lishe tayari. Akiuza kwa bei ya chini kidogo ya mgahawa na juu kidogo ya chai, bado atapata faida, na fundi baiskeli atamudu walau siku ya mshahara.

Kinachokosekana ni kahawa yenyewe katika pakiti ndogo, ya bei nafuu, iliyokaangwa jana au juzi, pale dukani panapouzwa majani ya chai. Viwanda vya chai vilijua zamani kwamba mtu wa kawaida hununua cha kutosha leo. Vyama vya ushirika na vijana wenye vikaango wakilijua hilo, meza ya Moshi itabadilika bila amri ya mkuu wa wilaya.

Na sisi walaji tuna sehemu yetu. Ukipita Moshi, agiza mtori, agiza ndizi, halafu uliza kahawa ya mlimani. Ukiambiwa haipo, usigombane na mhudumu. Sema asante, na wiki ijayo uliza tena. Mwenye hoteli anajua kuhesabu, na akiulizwa kitu kile kile na watu kumi, atakitafuta. Bei ya New York hatuna uwezo wa kuipanga. Kinachomiminwa kwenye vikombe vyetu tunaweza kukichagua.