Gongo (kinywaji)

Gongo (pia: moshi) ni pombe kali isiyo na rangi inayotengenezwa kienyeji nchini Tanzania. Inajulikana sehemu nyingi, zikiwemo wilaya za Handeni na Korogwe katika Mkoa wa Tanga. Ni tofauti na boha, pombe ya miwa ya Wasambaa, ambayo huchachushwa tu. Gongo hukenekwa: pombe iliyochachuka huchemshwa, kisha mvuke wake hupozwa uwe kimiminika tena. Alkoholi huchemka kwenye nyuzi 78 hivi za selsiasi, kabla ya maji, hivyo kinachotoka ni kikali zaidi.

Sheria ya mwaka 1966 inakataza kutengeneza gongo bila leseni. Nchini Uganda, Sheria ya Enguli ya mwaka 1965 iliwataka wapikaji wenye leseni wakiuzie kiwanda pombe yao. Ilikenekwa upya na kuuzwa kama Uganda Waragi, aina ya jini.

Hatari kubwa ya pombe isiyopimwa ni methanoli, ambayo mara nyingi huingia wauzaji wanapochanganya spiriti ya viwandani. Methanoli hupofusha na kuua, na mnywaji hawezi kuitambua kwa rangi wala harufu.