Jeni za Majengo Si Kinga ya Kutegemewa

Anayesema kuna watu wasioshika virusi vya Ukimwi kirahisi ana ushahidi, na ushahidi huo ulitoka Majengo, Pumwani, jijini Nairobi. Katikati ya miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Manitoba, Kanada, walianza kuwafuatilia wanawake wa mtaa huo wanaofanya biashara ya ngono. Ripoti yao ya 1996 ilihesabu wanawake 424 walioandikishwa bila virusi; kati yao 239 waliambukizwa baadaye. Wachache walibaki salama mwaka baada ya mwaka. Mtu atauliza: si ni bahati tu, au kondomu? Bahati ingeiacha hatari palepale kila mwaka, lakini hatari ilishuka kadiri mwanamke alivyodumu kazini bila kuambukizwa, na tofauti za matumizi ya kondomu hazikutosha kueleza jambo hilo.

Sehemu ya jibu iko kwenye jeni za HLA. Hizi hutengeneza protini zinazokaa juu ya seli na kuanika vipande vya virusi vilivyojificha ndani, ili chembe nyeupe za damu zivitambue na kuiua seli iliyovamiwa. Protini hizo hutofautiana mtu na mtu, na kila aina hushika vipande vyake. Aina za kundi la A2 zilionekana zaidi kwa waliosalimika. A23 iliambatana na maambukizi.

Lakini kupungua kwa hatari si kinga kamili. Utafiti wa 2001 ulionyesha kwamba baadhi ya wanawake waliohesabiwa kuwa sugu waliambukizwa baadaye, hasa waliokuwa wamepunguza kazi au kupumzika, ingawa chembe zao nyeupe zilikuwa zimekwisha kuvijua virusi. Je, basi utafiti wa jeni ni bure? Hata kidogo. Ulithibitisha kuwa mwili wa binadamu unaweza kujitetea, na ukachochea majaribio ya chanjo Nairobi kuanzia 2001, japo chanjo ile iliamsha kinga hafifu. Kilichookoa wengi Majengo ni kazi ya Profesa Elizabeth Ngugi: wanawake kufundishana wenyewe kuhusu kondomu, na maambukizi yakapungua hata kwa wasio na jeni hizo. Kwa sababu hiyo, kijana wa mitaa jirani ya Shauri Moyo au Kaloleni anayejiona ana damu ngumu apimwe virusi, atumie kondomu, na aulizie kliniki kuhusu PrEP, dawa za kuzuia maambukizi kabla hayajatokea.